Hesabu hazimpandi? Anza na swali, njia ije baadaye

Walimu wenzangu, habari za kazi. Kuna sentensi moja naisikia kwenye kila kikao cha wazazi na nina uhakika na wewe unaisikia, "mwalimu, huyu mwanangu hesabu hazimpandi", na mzazi anaisema huku mtoto mwenyewe kasimama pale pembeni anasikiliza, afu anamalizia "hata mimi hazikuwa zinanipanda", basi mtoto anaondoka hapo anajua kabisa kwamba kwenye ukoo wao hesabu hazipo. Mimi nafundisha hisabati darasa la tatu na la tano shule ya msingi ya serikali huku Tanga, darasa lina watoto 80 na zaidi, benchi moja wanakaa watatu na siku nyingine wanne, na hapa nataka kuandika namna nilivyobadilisha kipindi changu mpaka watoto wale wale waliokuwa wanainamisha kichwa wasiulizwe, sasa hivi wanagombania chaki. Sio kwa wote na haikutokea kwa wiki moja, ila inafanya kazi na haihitaji projekta wala hela.

Jambo lenyewe kulisema ni dogo. Anza na swali, njia ije baadaye.

Sisi tulivyofundishwa ni kinyume chake. Mwalimu anaingia, anaandika kichwa cha somo, anaandika mfano, anaufanya mwenyewe mwanzo mpaka mwisho huku anaongea, anauliza "mmeelewa?", darasa zima "ndiyooo", anatoa zoezi namba moja mpaka kumi. Kwa staili hiyo mtoto anajifunza kwamba hesabu ni njia ya mwalimu na kazi yake yeye ni kuikumbuka, akiikumbuka ni kichwa, akiisahau ni kilaza. Hapo ndipo "hazinipandi" inapozaliwa. Ukianza na swali ambalo hujawaonyesha njia yake, mtoto inabidi atumie alichonacho kichwani, na alichonacho ni kingi kuliko tunavyodhani.

Huyo mtoto unayesema hesabu hazimpandi, mwangalie jioni anavyouza karanga au maandazi ya mama yake. Mpe noti ya elfu mbili ununue kwake vitu vya 1,300, hachukui kalamu, anakuhesabia mkononi, mia moja hii, 1,400, na mia moja 1,500, na mia tano, 2,000 hiyo. Chenji 700 na hajakosea. Kesho yake mwandikie ubaoni 2,000 - 1,300 anakuletea kitu cha ajabu. Hili sio la kwetu tu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil, ambako waliwaendea watoto watano wanaofanya biashara mtaani wakajifanya wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa anauza nazi, moja kruzeiro 35 (hela ya Brazil ya wakati huo), akaulizwa nazi kumi je, akahesabu kwa sauti, tatu ni 105, na tatu nyingine 210, bado nne, akafika 315 afu 350. Wakiwa kwenye biashara watoto wale walipata kama asilimia 98 ya maswali. Zile hesabu zilivyoandikwa kwenye karatasi kavu kavu kama za shule, wakashuka mpaka kama asilimia 37. Watoto ni wale wale na kichwa ni kile kile. Mimi nikisoma hiyo nawaza watoto wangu wa benchi la nyuma, nawaza ni wangapi tumewaambia hawawezi kitu ambacho wanakifanya kila jioni.

Sasa twende kwenye namna ya kufanya. Kuandaa kwanza, maana hapa ndo wengi wanaruka. Kabla hujaingia darasani kaa na swali lako ulifanye mwenyewe kwa njia tatu tofauti, na baada ya hapo ukae uwaze watoto watakosea wapi. Kwenye andalio la somo, ile sehemu ya kazi ya mwalimu ambayo huwa tunajaza "kuongoza wanafunzi kujadili" ili mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, aone kitu, mimi naandika vitu vitatu: swali lenyewe, majibu ninayotegemea kuyaona pamoja na yale ya makosa, na swali nitakalouliza baada ya kila jibu. Inachukua dakika kumi na tano usiku. Mwanzoni nilikuwa naona ni kazi ya ziada, ila ndio inayoniokoa, kwa sababu ukiwa hujategemea jibu la mtoto utalikataa tu hata kama lina akili ndani yake.

Swali zuri ni la aina gani? Ni swali ambalo mtoto wa mwisho darasani anaweza kulianza na wa kwanza hawezi kulimaliza kwa sekunde tano. Sio lazima liwe gumu. Nawapa hili moja nililolitumia darasa la tatu, tulikuwa tunaingia kwenye kutoa kwa kukopa, na sikulitaja kabisa neno kukopa. Niliandika ubaoni: Mama ametoka Muheza na machungwa 52, ameleta gulioni, ameuza 28. Yamebaki mangapi? Basi. Nikawaambia kila mtu atafute kwa njia yake nyuma ya daftari, mchoro unaruhusiwa, vijiti vinaruhusiwa, vidole vinaruhusiwa, kisichoruhusiwa ni kumwangalizia jirani kwa dakika tatu.

Hizo dakika tatu ni ngumu kwa mwalimu kuliko kwa watoto. Utataka kusaidia, usisaidie. Tembea katikati ya benchi, chungulia madaftari, kalamu yako iwe mfukoni usije ukaanza kusahihisha. Unachotafuta ni nani kafanya njia gani, unakariri kichwani au unaandika kwenye karatasi ndogo, maana baadaye utawaita ubaoni kwa mpangilio unaoutaka wewe, sio kwa aliyenyoosha mkono juu zaidi. Walimu wa Japani wanafanya hivi toka zamani, wanazunguka wanachagua kwanza aanze nani na amalize nani, wanaanza na njia ya vitu vya kushika wanaenda kwenye njia za kufikirika, na ubao hawafuti mpaka kipindi kiishe ili mtoto aone safari yote kutoka swali mpaka mwisho. Hilo la kutofuta nimelichukua zima zima, nagawa ubao sehemu nne kwa chaki kabla ya kuanza.

Na mikono. Ile "mwalimu mimi! mwalimu mimi!" na kupiga vidole hewani inaua wengine, kwa sababu mtoto ambaye ndo kwanza anasoma swali akisikia mwenzie kashapata anaweka kalamu chini. Kwangu hamna kunyoosha mkono kwenye kipindi cha kufikiri. Ukipata jibu unaweka ngumi kifuani na dole gumba juu, kimya kimya, mimi naona na jirani hahangaiki. Ukipata njia ya pili unaongeza kidole. Wale wepesi wanaanza kutafuta njia ya pili na ya tatu ili waongeze vidole, kwa hiyo nao hawakai bure.

Ukishauliza swali nyamaza. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi vipindi vya sayansi vya shule za msingi akakuta mwalimu akiuliza anasubiri kama sekunde moja tu ndo anaita mtu mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu waliojizoesha kusubiri sekunde tatu na zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, "sijui" zikapungua, na wale waliokuwa hawaongei wakaanza kuongea. Sekunde tatu tu. Mimi nahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano huku naangalia dirishani, kwa sababu nikiwaangalia machoni wanaogopa.

Turudi kwenye machungwa. Baada ya dakika tatu nawapa tano za kuongea na mwenzake wa benchi, hapo darasa linakuwa na kelele na usiogope, kuna kelele za kazi na kuna kelele za fujo, ukizunguka utazijua. Afu nakusanya majibu. Nayaandika YOTE ubaoni, yaliyo sawa na yasiyo sawa, bila tiki na bila kubadilisha uso. Uso wa mwalimu watoto wanausoma kuliko ubao, ukitabasamu kwenye 24 ukanuna kwenye 36 mjadala umeisha hapo hapo.

Siku ile yalitoka 24, 36, 34 na 80. Aliyepata 80 alijumlisha, alivyosoma tena mwenyewe akacheka akafuta. Hiyo 36 ndo ilikuwa na watoto wengi na kila mwaka ndo inakuwa na wengi. Nikamuita mtoto mmoja aliyepata 24 kwa vijiti aanze, ana mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili, anatakiwa kutoa 28, ametoa mafungu mawili vizuri, amefika kwenye nane ana viwili tu mkononi, akasimama. Darasa kimya. Afu akachukua fungu moja akakata rababendi, vijiti vikamwagika mezani, akahesabu 12, akatoa nane, vikabaki vinne na mafungu mawili. Hakuna aliyemwambia "kopa". Kafungua fungu kwa sababu alihitaji vijiti. Nikaita wa pili, mtoto wa genge huyu, akasema mimi nimeanza 28, mbili nikafika 30, ishirini nikafika 50, mbili nikafika 52, kwa hiyo mbili na ishirini na mbili, 24. Hiyo ndo chenji ya sokoni, hesabu ya kupanda. Wa tatu akasema ametoa 30 ikabaki 22 afu akarudisha mbili kwa sababu amemtoza mama machungwa mawili zaidi. Sentensi hiyo niliiandika ubaoni kama alivyoisema.

Ndipo nikauliza, aliyepata 36 alikuwa anawaza nini, nani anaweza kutuambia? Nilivyouliza hivyo sikuuliza nani kakosea. Binti mmoja wa benchi la nyuma, ambaye toka Januari sijawahi kumsikia sauti, akasimama akasema "mbili haitoki nane, kwa hiyo nimechukua nane nikatoa mbili". Hapo kuna akili tupu jamani. Kaona mbili haitoshi, katafuta namna ya kutoka. Nikasema haya, tukubali yamebaki 36, mama kauza 28, kabla hajauza alikuwa nayo mangapi? Wakajumlisha, 64. Lakini alitoka Muheza na 52. Binti mwenyewe akaangalia ubao muda mrefu akasema, "basi nimemuongezea machungwa mama", akarudi kukaa akaandika upya. Sikumwambia amekosea. Swali ndo lilimwambia.

Baada ya hapo, zimebaki kama dakika kumi za kipindi cha 40, ndo nafundisha sasa, kwa sauti yangu, njia ya kuandika kwa mkato makumi na mamoja, na nasema waziwazi hii ya kukopa mnayoiona hapa ni lile fungu mwenzenu alilolikata rababendi. Na jina la kitu linakuja mwisho, kikiwa kimeshapata maana. Wanafanya maswali matatu tu, sio kumi. Walimu wengi wakisikia kufundisha kwa kuuliza wanadhani mwalimu anakaa pembeni watoto wagundue kila kitu wenyewe, hapana, ukifanya hivyo unawaacha njia panda na wanaoumia zaidi ni wale ambao hawana msingi. Mwalimu ndo kachagua swali, kachagua nani aongee wa kwanza, ndo kafunga somo. Jedwali la kuzidisha bado wanatakiwa kulijua kwa kichwa, nalisimamia kila siku dakika tano asubuhi, tofauti ni kwamba mtoto akisahau saba mara nane anajua pa kushika, saba mara nne ni 28, mara mbili yake ni 56, hatoi jicho kwenye dari.

Nisimame kidogo hapo kwenye jedwali. Mimi nikiwa darasa la nne tulikuwa tunasimamishwa mstari, mwalimu anapita na fimbo anauliza, ukikosa kiboko, anaenda kwa anayefuata. Saba mara nane nilichapwa. Leo mimi ni mwalimu wa hisabati na bado mtu akiniuliza hiyo ghafla moyo unapiga. Mtoto mwenye hofu hafikirii, kichwa chote kinakuwa kwenye fimbo. Hata kanuni zetu za adhabu ya viboko mashuleni zinaongelea makosa makubwa ya nidhamu na makosa mazito, kukosea hesabu sio utovu wa nidhamu, ni mtoto yuko kazini. Kama bado una fimbo kwenye kipindi cha hisabati naomba kwa moyo wote uiache ofisini, hakuna swali zuri litakalofanya kazi ikiwa iko mezani, kwa sababu unamuomba mtoto abahatishe mbele ya wenzie huku unamwadhibu akibahatisha vibaya.

Na sifa nazo zina madhara, hili ndo lilinishangaza zaidi. Tunapenda kusema "huyu ni kichwa, mpigieni makofi". Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la tano, waliwapa maswali, wakafanya vizuri, wengine wakaambiwa mna akili sana, wengine wakaambiwa mmejitahidi sana. Ilipofika kuchagua kazi inayofuata, waliosifiwa akili wengi wakataka ile nyepesi ili waendelee kuonekana wana akili, waliosifiwa juhudi wengi wakataka ile ya kujifunza. Wakapewa maswali magumu wakakosa, kisha mepesi tena, waliosifiwa akili wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Na walipoambiwa waandike alama zao kwa mtoto wa shule nyingine, zaidi ya theluthi yao walidanganya. Watoto wa miaka kumi wamedanganya alama kwa sababu ya kusifiwa.

Kwa hiyo nasifia kitu alichofanya, tena kwa kukitaja. Badala ya "vizuri sana, una akili" nasema "umeanza na makumi kabla ya mamoja, kwanini?" au "umerudi ukaangalia jibu lako kwa kujumlisha, hiyo ndo kazi". Juhudi nayo usiisifie tupu. Mtoto kakosa mara nne kwa njia ile ile ukimwambia "umejitahidi" unamdanganya na anajua, mwambie njia hii umeipa nafasi ya kutosha, sasa jaribu kuchora.

Afu lugha yetu imetupa kitu ambacho walimu wa lugha nyingine wanakihangaikia. Mtoto akisema "sielewi" kafunga mlango. Ukimfundisha kusema "sijaelewa", mlango uko wazi, hiyo "ja" pale katikati inasema nitaelewa, ni suala la muda. Sijui, sijajua. Siwezi, sijaweza. Kwangu ni sheria ya darasa, mtu yeyote akisema "sielewi" benchi lake lote linamrekebisha, "sijaelewa!", na yeye anarudia, afu lazima amalizie ni sehemu gani, "sijaelewa hapo ulipotoa 30". Sheria hiyo inanihusu na mimi. Swali likinishinda mbele yao nasema "sijajua, tutafute".

Lakini usije ukabandika bango la "Ninaweza!" ukutani ukadhani umemaliza. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani, wanafunzi zaidi ya 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari walipewa masomo mafupi kwenye kompyuta, chini ya saa moja kwa jumla, kwamba akili inakua kwa kufanyishwa kazi. Matokeo yapo, ila ni madogo, yalionekana kwa waliokuwa na alama za chini, na yalikuwa na nguvu zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe wanaona kawaida kujaribu kitu kigumu. Yaani maneno mazuri yanahitaji darasa la kuyabeba. Ukimwambia mtoto kosa ni sehemu ya kujifunza afu unamrudishia daftari limejaa nyekundu na 2/10 imezungushiwa duara, ataamini daftari. Mimi siku hizi kwenye zoezi la kawaida siandiki alama, nachagua kosa moja lililotokea kwa wengi, naliandika ubaoni bila jina la mtu, naliita "kosa la leo", tunalichunguza kwa pamoja limetoka kwenye wazo gani. Kuna watoto wananiambia kwa fahari kabisa "mwalimu, kosa la leo lilikuwa langu".

Najua mnachotaka kuuliza, silabasi itaisha saa ngapi? Na upimaji wa darasa la nne je? Mimi sifanyi hivi kila kipindi. Nafanya mara mbili kwa wiki, mara nyingi siku ya kufungua mada mpya, vipindi vingine ni mazoezi kama kawaida. Mada inaanza polepole na inaisha haraka kwa sababu sirudi kufundisha upya kitu kile kile mara tatu. Na mtaala ulioboreshwa ambao tulianza nao Januari 2024 wenyewe unataka umahiri, mtoto aweze kufanya kitu, kwa hiyo mthibiti akija akakuta watoto wanabishana kuhusu machungwa una cha kumwonyesha. Mkuu wa shule mwambie mapema tu kwamba kutakuwa na kelele. Na kama darasa lako lina watoto mia, usiite makundi ya watu kumi, benchi ndo kundi, wanne wanatosha, mwenye kalamu anabadilika kila swali ili asiwe yule yule.

Kwa wazazi, kwenye kikao nawaomba vitu viwili. Wasiseme "hata mimi hazikunipanda" mbele ya mtoto, na wampe mtoto kazi ya chenji nyumbani, gengeni amwachie ahesabu hata kama foleni ipo. Mama mmoja alinijibu yeye hakumaliza shule, hesabu hazijui. Nikamuuliza anapika vitumbua vingapi kwenye kilo mbili za mchele na anauza vipi mpaka hela ya mchele irudi, akanieleza dakika tano nzima na mtoto wake anamsikiliza. Sikuongeza neno.

Mwisho niwaachie somo moja la kujaribu wiki hii, darasa la tano, halina gharama. Waambie wakusanye vizibo vya soda, siku tatu zinatosha mtapata ndoo. Kila benchi lipe idadi yake, hawa 12, hawa 7, hawa 16, hawa 13, hawa 24, hawa 11. Kazi ni moja, pangeni vizibo vyote viwe mstatili uliojaa, bila kubaki na bila pengo, tafuteni mistatili yote inayowezekana, mchore kwenye daftari la miraba. Usiseme kitu kingine. Wa 12 watapata mstari mmoja wa 12, mbili kwa sita, tatu kwa nne. Wa 16 watakuta mmojawapo ni mraba kamili, nne kwa nne, watafurahi. Wa 24 watapata minne. Kwenye benchi la 7 utasikia malalamiko, kwangu walisimama kabisa, "mwalimu umetupa namba mbovu, hii haikubali, inakaa mstari mmoja tu". Benchi la 13 wakadakia, na yetu! Na la 11!

Hapo ndo unaandika neno ubaoni: namba tasa. Tasa wanalijua nyumbani, mbuzi tasa, asiyezaa. Namba hii haizai mstatili mwingine zaidi ya huo mstari wake. Miaka yote nilikuwa nawakaririsha "namba tasa ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe" na wanasahau kabla ya kengele, neno lenyewe lilikuwa linaeleza kila kitu na mimi sikuwahi kulifungua. Shufwa na witiri nazo hivyo hivyo, waambie wapange safu mbili mbili, zile zinazobakiza kizibo kimoja pekee yake ni witiri, na huku kwetu mtoto wa madrasa atanyoosha mkono kabla hujamaliza akwambie ndo maana swala ya witri rakaa yake ya mwisho ni moja.

Wape muda wazunguke kuangalia kazi za benchi nyingine, afu waulize namba gani nyingine ndogo kuliko 30 wanadhani ni tasa, wasiambiwe, wapange. Kwangu siku ile kabla hatujafika mbali kijana mmoja alikuwa kashika kizibo kimoja mkononi, kakiweka mezani peke yake, akauliza, "mwalimu, na moja je? Nayo imekaa mstari mmoja tu. Ni tasa?" Darasa likagawanyika, nusu ndiyo, nusu hapana, mmoja akasema saba ina vigawo viwili, moja na saba, hii ina kimoja tu, wengine hawakukubali. Sikujibu. Nililiandika swali lake kona ya juu ya ubao, kengele ikagonga, wakatoka wanabishana mpaka nje, na aliyekuwa zamu ya kufuta ubao alifuta wote akaiacha ile kona.